Mtoni Jina Haliitwi Bure

Nikinusa sabuni ya mawese iliyolowa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kutazama mlimani. Haijalishi niko wapi. Nimefanya hivyo sokoni Kigoma, watu wakadhani nimemwona mtu ninayemdai. Nimefanya hivyo Manono, kwenye uwanda usio na mlima wa kutazama. Shingo inageuka yenyewe, kisha masikio yanasimama. Nikiona kimya, naendelea na shughuli zangu, lakini moyo unachukua muda wake kushuka.

Ninyi mliokua Kalemie wakati mmoja nami mnaijua sabuni ile, vipande vya njano vilivyokatwa kwa uzi, vyenye harufu ya mafuta na majivu, vilivyokausha mikono ya mama zetu mpaka ikapasuka. Mnakijua pia kijito chetu, hata kama kila mmoja alikiita kwa jina lake.

Ni kijito kifupi. Kinaanzia nyuma ya vilima vilivyo juu ya mji, mahali penye matete na vyura, kinashuka kwenye korongo nyuma ya nyumba za matofali za zamani, kinapita chini ya barabara ndani ya bomba la saruji, kinajikunja kwenye kona ya mawe, kinapita chini ya daraja la reli, halafu kinaingia ziwani katikati ya mitumbwi iliyovutwa mchangani. Mtoto mwenye miguu mizuri angeweza kukifuata kutoka ziwani hadi juu na kurudi kabla bukari haijaiva jikoni. Mimi nilifanya hivyo mara nyingi, kwa sababu nilitaka kujua maji yanatoka wapi. Nilipofika nikakuta yanatoka ardhini tu, bila maelezo, na nikarudi nyumbani nimekasirika.

Wazee Waholoholo walikiita Kalumbi. Watu wa reli walikiita Daraja la Pili, na kwao kijito hakikuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa kupita chini ya daraja lao. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nafagia katika biro moja ya makarani mjini, niliona ukutani ramani ya kale, imeliwa na mende pembeni, na juu ya mstari mwembamba wa buluu palikuwa na jina la Kizungu, jina la mwanamke. Nikamuuliza karani huyo mama alikuwa nani.

“Pengine bibi ya mukubwa fulani,” akasema. “Njo ilikuwa hivyo. Mukubwa anaamuka asubui, anapatia mto jina ya bibi yake.”

“Na huyo mke wake aliwahi kukiona?”

“Weye unauliza kama juji. Fagia.”

Sisi watoto hatukuwa na haja na majina hayo makubwa. Kwetu kijito kilikuwa vidimbwi, na kila kidimbwi kilikuwa na jina la mtu. Kwa Mado palikuwa pa kufulia, penye mawe bapa yaliyolainishwa na magoti ya wanawake. Kwa Sefu palikuwa na changarawe, vijana wakiosha baiskeli zao hapo. Kwa Alimasi, chini ya daraja la reli, maji yalifika kifuani pa mtu mzima, na hapo ndipo tulipoogelea. Jumapili baada ya misa mtaa mzima ulihamia huko. Wasichana walicheza nzango kwenye mchanga, miguu ikipishana kwa makofi, na wavulana waliteleza ukingoni wamekalia vipande vya bidoni la maji lililopasuliwa. Baba za watu walisimama majini suruali zimekunjwa, wakibishania mpira, huku mikebuka iliyovuliwa asubuhi ikikaangwa juu ya mawe matatu na kila mtoto akiwa na kipande cha muwa mkononi.

Lakini hata Jumapili, kwenye kelele zote hizo, palikuwa na sheria moja. Ukikanyaga mchanga wa Kalumbi, jina lako unaliacha barabarani. Hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina pale. Wanawake waliokuwa wakifua waliitana kwa mahali walipoinama. Aliye juu yako kwenye mkondo ni Wa Juu, aliye chini yako ni Wa Chini.

“Wa Juu! Povu yako inanifikia. Unanifulia na mie?”

“Wa Chini, shukuru! Njo sabuni ya bure!”

Sisi watoto tulipeana majina ya kijitoni tu, mabaya kadiri tulivyoweza. Palikuwa na Kichwa Sufuria, palikuwa na Meno Mbele, na mimi nilikuwa Kwanini. Nadhani mnaelewa kwa nini.

Nilimuuliza mama yangu sababu ya sheria ile. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, aliyefanya kazi kama mtu anayegombana na kazi yenyewe. Baba alikuwa mbali, mji wa Bendera, kwenye mitambo ya umeme, na nyumbani alifika kama mgeni, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa Mama.

“Mama, kwa nini majina hayaitwi mtoni?”

“Hayaitwi.”

“Lakini kwa nini?”

“Weye, beba beseni.”

Nikaenda kwa Mama Leya, jirani yetu, mama mnene mwenye pengo la meno ya juu, ambaye kwa kawaida alipenda kueleza mambo hata yasiyomhusu. Safari hii alinitazama, akapangusa mikono kwenye kitenge, akasema maneno mawili tu.

“Mto unasikia.”

Mtu mzima akisema neno kama hilo analisahau kabla hajamaliza kuchambua mboga. Mtoto analibeba. Mimi nililibeba, nikalala nalo, nikalipanga na mengine niliyokuwa nayo, na kwa akili yangu ya miaka ile likakaa sawa kabisa. Kama mto unasikia majina, basi unachukua ulichosikia. Ndiyo maana aliye hai halitajwi jina lake pale. Na je, Mado? Sefu? Alimasi? Sikuwahi kumwona hata mmoja. Hawakuwa na uso, hawakuwa na nyumba, hawakuwa na mtoto shuleni. Nilipomuuliza Mama kuhusu Mado aliangalia pembeni na kunituma kununua chumvi. Miaka ile watu walikuwa wametawanyika kwa sababu ya vita, na wakubwa hawakupenda kutaja nani yuko wapi, lakini mimi sikulijua hilo. Nilijua nilichokiona, kwamba kidimbwi kina jina na mwenye jina hayupo. Nikaelewa kuwa vidimbwi vyote vile vilikuwa makaburi, na sisi tulikuwa tunaoga juu yake Jumapili tukitafuna miwa.

Hilo lenyewe halikunitisha sana. Watoto wanaweza kuishi vizuri na wafu, mradi ni wafu wa watu wengine.

Kisha ikaja mvua ya kwanza kubwa ya msimu. Ilinyesha milimani usiku kucha, na asubuhi tukakuta Kwa Mado pamejaa mchanga, mawe bapa yote yamefunikwa. Wanawake walisimama pale na mabeseni yao vichwani, wakamsema Mungu kwa adabu, wakarudi nyumbani. Mama hakurudi. Alipanda na jembe hadi kwenye kona ya mawe, kati ya barabara na reli, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifua kwa sababu kingo zimesimama. Akachimba. Alikwenda siku hiyo, akaenda kesho yake, akaenda tena, akivingirisha mawe kufunga mkondo upande mmoja na kuchonga ngazi kwenye udongo upande wa pili. Alipomaliza palikuwa na kidimbwi kizuri kuliko vyote, maji yamefika kiunoni na unaona vidole vya miguu chini. Wanawake wakaanza kuja, kwanza Mama Leya, kisha wote.

Siku moja nikakutana barabarani na msichana wa mtaa wa pili akiwa na bidoni tupu.

“Unaenda wapi?”

“Kwa Apolina.”

Apolina ni jina la mama yangu.

Nakumbuka jua lilivyokuwa, nakumbuka nzi juu ya ganda la embe. Nikamwambia aseme tena.

“Kwa Apolina, kule konani. Maji ni safi kupita—”

Sikumwacha amalize. Nilimsukuma, bidoni likabingirika mpaka kwenye mtaro, naye akaamka na vumbi mdomoni akanishangaa.

“Una wazimu? Njo jina ya mama yako! Ulipaswa kufurahi!”

Nilianza vita vyangu siku ile. Nikawaambia watoto wote kuwa pale panaitwa Kwa Mawe. Nilisema Kwa Mawe mbele ya duka, nikasema Kwa Mawe baada ya katekisimu, nikamwambia hata muuza mkaa, ambaye hakuwa ameuliza. Wakacheka. Jina ni kama maji, linafuata njia liliyokwisha kuichimba, na kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa unasema Kwa Apolina, asubuhi na jioni, midomo mingi. Mimi nilihesabu kila mdomo kama mtu anayesikia misumari ikigongwa.

“Mama, waambie waache.”

“Waache nini?”

“Kusema jina lako. Kule.”

Alikuwa akichambua matembele. Akacheka kicheko chake kidogo, cha puani, na nikaona kwamba anaona fahari.

“Babu yangu hakupewa hata njia ya mbuzi,” akasema. “Mie niko na kidimbwi.”

Sikuweza kumwambia nilichokijua. Niliogopa kwamba nikikisema kwa sauti kitakuwa kimesemwa. Basi nikaamua kumlinda.

Juu ya kona ile palikuwa na jiwe kubwa, na mtu akikaa juu yake aliona vitu viwili kwa pamoja, chini kidimbwi na mgongo wa mama yangu, juu korongo lote hadi kwenye bomba la barabara na vilima nyuma yake. Pale chini kwenyewe huoni kitu, kona inafunika kila kinachokuja. Nikafanya jiwe lile kuwa mahali pangu. Kwanza ilikuwa baada ya masomo. Kisha niliona kwamba Mama anafua asubuhi, nikaanza kuingia darasani kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Mama alinifukuza, nikazunguka nyuma ya reli nikarudi. Mwalimu alituma watoto kuniita, nikawakimbia. Watu wakiniuliza leo niliachaje shule, huwa nasema ni matatizo ya nyumbani, kwa sababu jiwe ni vigumu kulieleza.

Nilijifunza kukisoma kijito. Mbuzi wakivuka juu, tope linakuja kama mstari mmoja katikati, kisha linayeyuka. Mtu akioga korongoni, linakuja povu dogo lililovunjika vunjika. Mvua ikinyesha kilimani, rangi haibadiliki kwanza. Kwanza yanakuja majani. Nililiona hilo mara chache kwenye mvua ndogo, na kila mara nilishuka mbio, nikamvuta Mama kitenge, naye akapanda akiwa amekasirika, maji yakaja yenye rangi ya chai na kufika magotini tu.

“Unaniaibisha,” akaniambia mara ya mwisho, mbele ya wanawake. “Kila siku unanitoa majini kama kuku. Ukishuka tena nitakuchapa.”

“Muache,” Mama Leya akasema. “Anakupenda.”

“Apende kutoka shuleni.”

Wanawake wakacheka. Nikakaa juu ya jiwe langu, masikio yakiwaka, na nikaapa sitashuka tena.

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, lile jua. Ilikuwa imenyesha mfululizo, nguo za mtaa mzima zilikuwa chafu, na wanawake walikuwa wamejipanga kutoka konani hadi ziwani, Wa Juu na Wa Chini, migongo tu. Mashuka yalikuwa yameanikwa kwenye majani na juu ya mawe ya reli. Chini ya daraja, Kwa Alimasi, watoto walikuwa wakiruka majini, naweza kusikia bado zile sauti. Mama alikuwa wa juu kuliko wote. Alikuwa ndani ya kidimbwi hadi kiunoni, anang'oa jiwe papanuke, kichwa kimeinama, na mahali alipolegeza ukuta maji yalikuwa yakianguka kwa kelele.

Juu ya mji anga lilikuwa la buluu. Nyuma ya vilima lilikuwa jeusi.

Majani yakaja. Hayakuwa majani makavu yaliyodondoka. Yalikuwa mabichi, yamechanwa, mengine yakiwa bado kwenye vijiti vyao. Nikasimama. Vyura wa ukingoni, ambao hawanyamazi hata mtu akipita, walikuwa wamenyamaza. Kisha upepo mdogo ukashuka korongoni, baridi, na ndani yake palikuwa na harufu ya udongo uliopasuliwa, nzito kiasi kwamba ilifunika harufu ya sabuni.

“Mama!” nikapiga kelele. “Mama!”

Hakuna kichwa kilichoinuka. Fikirieni wenyewe. Kijito kizima kilikuwa na mama na watoto, na neno Mama pale lilikuwa kama sauti ya mbu. Linaitwa tangu asubuhi: Mama nina njaa, Mama amenipiga, Mama niangalie naruka.

“Mama! Toka!”

Akaendelea kuvuta jiwe.

“Wa Juu!” nikaita. “Wa Juu!”

Akainua mkono bila kugeuka, kama anayesema, najua, najua, nachafua maji. Wa Chini wake akacheka.

Bomba la barabara likaanza kuunguruma. Nilikuwa mbali, kushuka kwenye jiwe na kufika kwake kungechukua muda ambao haukuwepo, hata mtoto aliliona hilo. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ambacho angekisikia, nacho ndicho kilekile nilichokuwa nimekizuia wiki zote zile. Kama mto ulikuwa haujamsikia bado, sasa utamsikia kutoka kinywani mwangu, mimi mtoto wake, na mtoto hata nyumbani hamtaji mama yake kwa jina. Nilisimama pale, mdomo wazi. Ninasema ukweli, miguu ilikuwa imelowa na si kwa maji ya kijito.

Kisha nikaita.

“Apolina!”

Sikutegemea kilichofuata. Kijito kizima kilisimama. Migongo yote ikanyooka kwa pamoja, nguo zikaachwa ziende, na yule Wa Chini aliyekuwa anacheka akafungua kinywa akaita vilevile, “Apolina!” Aliyemfuata akaita, “Apolina!” Na mwingine, na mwingine, jina la mama yangu likashuka mkondo wote kutoka kinywa hadi kinywa, likapita chini ya daraja, likafika Kwa Alimasi, likafika ziwani kwa wavuvi. Mimi nilisikia mtaa mzima ukimtoa mama yangu sadaka kwa maji, kila mtu akisaidia. Nikaziba masikio. Nilikuwa nimemuua, na wote walikuwa wakinisaidia kumuua.

Lakini macho sikuyafumba. Nilimwona ameinua kichwa. Hakutazama korongo. Alinitazama mimi. Halafu aliliacha jiwe akaparamia ngazi zake za udongo kwa mikono na magoti, ikavunjika ya chini, akateleza, na Mama Leya, aliyekuwa amepanda kutoka chini kwa kasi ambayo sijui aliitoa wapi na mwili ule, akamkamata kitenge kwa juu akavuta. Chini ya daraja niliona wanawake wakiwang'oa watoto majini kwa mkono wowote waliouona, bila kuuliza ni wa nani.

Maji yalikuja kama ukuta unaotembea, wa rangi ya udongo mwekundu, umebeba matawi, ndala, kuku mmoja, na mlango wa choo cha mtu. Ulipiga kona. Kidimbwi hakikujaa, kilifutika. Jembe, beseni, sabuni, mawe aliyoyapanga, vyote vilikwenda. Reli ikatetemeka. Kisha ilikuwa kelele tu, na wanawake ukingoni wakihesabu watoto, wakigusa vichwa, wakihesabu tena. Walikuwepo wote.

Mama alipanda hadi kwenye jiwe langu. Alikuwa na udongo hadi kwenye nyusi. Akanishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza.

“Umeniita jina.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nani alikuambia uniite jina?”

“Ulikuwa husikii.”

“Nilisikia,” akasema, na sauti yake ndogo ikakatika. “Nilisikia Mama, Mama. Nikafikiri ni wa watu wengine.”

Akakaa chini, akanivuta mapajani kama mtoto mchanga, mbele ya watu wote. Ndipo nilipolia. Nikamwambia yote, kwamba mto utakuja kumchukua sasa kwa sababu umesikia, kama ulivyomchukua Mado. Mama Leya, aliyekuwa amelala chali kwenye majani akitafuta pumzi, aliinua kichwa.

“Mado gani?”

“Mado wa kidimbwi.”

“Mado iko Kigoma!” akasema. “Alivuka wakati wa vita. Anauza vitenge, ni munene kunipita mie. Alichimba pale kama mama yako alivyochimba huku. Kwani ulifikiri nini?” Akaanza kucheka, mwili wote, pengo lake wazi, na wengine wakacheka. “Sikia, Kwanini. Jina haliitwi bure mtoni ili siku likiitwa watu wakimbie. Njo hivyo tu. Huku kila siku kelele, watoto, povu, nani atasikia? Lakini jina likisikika, hata mwenye usingizi anaamka.”

“Ulisema mto unasikia.”

“Mutoto angelinyamaza kwa sababu ingine? Weye?”

Nikauliza juu ya Sefu. Sefu alikuwa fundi wa baiskeli, yuko Moba. Nikauliza juu ya Alimasi.

Kicheko kikaisha. Mama Leya akatazama daraja, maji yakipita karibu na mbao zake.

“Alimasi alipozama hakuna aliyemwita,” akasema. “Kila muntu alifikiri ni mchezo. Njo siku ile tuliweka sheria.”

Basi sikuwa nimekosea kabisa. Nimelifikiria hilo kwenye mito mingi tangu wakati ule, maana sijakaa mahali. Shule sikurudi. Nimepika kwenye boti za mizigo, nimeuza samaki wakavu Nyunzu, nimekaa Kiambi kando ya Luvua mpaka nikachoka na mbu. Kila ninapofika nauliza mto unaitwaje, nani aliupa jina hilo, na je, alikuwa hai bado walipoanza kulitumia. Wengi hawajui. Mto wenyewe hawajawahi kuuliza.

Habari ya kifo cha Mama ilinikuta huko Kiambi. Nilitoka siku hiyohiyo, lakini njia ni ile mnayoijua, pikipiki, mtumbwi, kungoja, pikipiki tena. Nilipofika Kalemie alikuwa amekwisha kuzikwa na mikeka ya matanga ilikuwa imekunjwa. Mama Leya mwenyewe alikufa zamani. Nikapewa kitenge kimoja cha Mama na kipande cha sabuni kilichobaki kwenye dirisha lake, chenye alama ya vidole vyake.

Nikasimamisha mwenye moto, nikapanda nyuma ya pikipiki yake.

“Nipeleke Kalumbi.”

“Kalumbi njo wapi, Mama?” Alikuwa kijana, hakuwa amezaliwa wakati ule.

“Daraja la Pili.”

Akatikisa kichwa. Nikamwelekeza kwa mkono, kona, mawe, reli.

“Aa! Kwa Apolina! Ungelisema hivyo tangu mwanzo.” Akapiga moto teke. Tulipokuwa tunashuka nikamuuliza Apolina ni nani. “Sijui, Mama,” akasema juu ya bega. “Pengine muntu alikufa humo.”

Ziwa limepanda miaka hii, mmeona wenyewe nyumba za ufukweni zilivyoliwa. Kwa Alimasi sasa ni ziwa, na Kwa Sefu vilevile, na maji yanalamba karibu na reli. Lakini kona ipo. Mwanamke fulani amechimba upya pale, sijui nani, ameweka ngazi za mifuko ya mchanga, na wanawake walikuwa wamejipanga chini yangu, migongo tu. Nilikunja nguo, nikaingia juu ya wote, nikaanza kufua kitenge cha Mama kwa sabuni yake. Harufu ikapanda. Nikatazama mlimani. Palikuwa peupe.

“Wa Juu!” sauti ikapigwa nyuma yangu. “Povu yako, Wa Juu!”

“Samahani, Wa Chini,” nikasema.

Nilikuwa nimekuja na jina moja mdomoni. Tangu Kiambi nilikuwa nalo. Nilitaka kumwita pale, mara moja, kwa kuwa kaburini nilikuwa nimechelewa. Lakini nikatazama ile migongo, na watoto wakiteleza kwenye udongo na vipande vyao vya bidoni, na nikajua kwamba nikiliita wote wataacha nguo zao ziende na watakimbia, na hapakuwa na mtu wa kutoa majini. Nikalimeza. Nikakamua kitenge, nikapanda ngazi.

Yule wa moto alikuwa bado ananingoja barabarani, ameegemea usukani.

“Hakufa humo,” nikamwambia.

“Nani, Mama?”

“Apolina. Aliitwa, akatoka.”